Darsa ya Ramadhani, siku ya 12: Diski ya zamani ni ya nani?



Kamati imeleta swali. Kishikwambi cha madrasa kimejaa, hata picha ya daftari hakipokei. Kununua kipya hatuwezi, hivyo tumekubaliana kubadilisha diski ya ndani: itolewe ya GB 128, iwekwe ya GB 512. Sasa fundi amesema tukimwachia ile ya zamani atatupunguzia elfu ishirini kwenye ufundi wake. Je, inafaa?

Jibu langu ni kwamba haifai. Elfu ishirini ni hela, najua, hasa mwezi huu ambao kila nyumba inahesabu sukari. Lakini nisikilizeni.

Kwanza mjue kinachofanyika, maana wengi mnadhani kila kishikwambi kinafunguka. Vile vya Android, mfano vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha wakagawiwa walimu, kwa kawaida hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi. Fundi akikwambia ataibadilisha kirahisi, muulize maswali. Hapo dawa ni memori kadi, au kuhamishia vitu kwenye kompyuta. Chetu tulichopewa sadaka ni Surface Pro 7+, toleo la 2021. Ukiinua kile kiguu chake cha nyuma unakuta kifuniko kidogo, na ndani yake diski ya upana wa milimita 22 na urefu wa 30. Unaweza kuifumbata kiganjani na mtu asijue umeshika kitu.

Na humo kiganjani kuna nini? Kuna majina ya watoto wetu wote na namba za simu za wazazi. Kuna barua za wanandoa waliokuja kusuluhishwa. Kuna hesabu za mirathi ya familia tatu. Na kuna orodha ya wanaopokea zaka na fitri. Wapo humo watu ambao mchana mnawaona wamevaa kanzu safi, wanasalimia kwa tabasamu, na usiku walikuja kugonga mlango wa imamu kwa aibu kwa sababu watoto hawajala. Mtu yule hakuipa siri yake diski. Alitupa sisi.

Kuna aliyesema kwenye kikao, "Si tutafuta kwanza?" Ndugu yangu, kufuta kwa kawaida ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu kizima. Kompyuta inaondoa anwani ya faili, lakini maandishi yenyewe yanaweza kubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Zipo programu za kuyarudisha, na vijana wanazijua. Njia ya uhakika ni diski iwe imefungwa kwa ufunguo tangu mwanzo. Windows inao mfumo huo, unaitwa BitLocker, na ufunguo wake wa dharura una tarakimu 48. Asiye na ufunguo anaona takataka tupu. Huo wetu utaandikwa kwenye karatasi na kukaa kwa katibu. Fundi hapewi.

Simtuhumu fundi. Namjua ni mtu wa swala, na dhana njema kwake ni wajibu. Ila yeye anaitaka diski ili aiuze, na atakayeinunua ataiuza tena. Ikishafika Tanga mjini, nani kati yetu ataapa kwamba anajua iliko?

Kumbukeni usiku wa Hijra. Mtume (s.a.w.) alikuwa anatafutwa auawe, na nyumbani kwake kulikuwa na amana za watu wa Makka, wakiwemo waliomfanyia uadui. Hakusema "hawa ni maadui, basi." Alimwacha Ali (r.a.) nyuma, katika hatari, azirudishe kwa wenyewe. Kama amana ya adui ililindwa hivyo, je ya mjane wa hapa Sigi? Na katika Suratul Hujurat tumekatazwa kupekua mambo ya watu. Jicho nalo linafunga, jamani. Mtu anashinda na njaa mpaka magharibi huku anafungua picha za mwenzie kwenye simu aliyoletewa kutengeneza!

Hata serikali imeliona hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023.

Kwa hiyo tutafanya hivi. Mafaili yatanakiliwa na vijana wetu kwenye diski ya nje kabla kishikwambi hakijatoka hapa. Fundi ataweka diski mpya na Windows mpya, basi, hana haja ya kuona faili hata moja. Ya zamani inarudi siku hiyo hiyo mkononi mwa katibu, inatiwa kwenye kasiba yake na kuwa akiba ya madrasa. Fundi analipwa ujira wake kamili palepale.

Nanyi mnaotaka kuuza simu ili mpate nguo za Idd: toka kwanza kwenye akaunti zako, kisha irudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Simu za miaka ya karibuni huwa zimefungwa kwa ufunguo, na hapo ufunguo unafutika. Memori kadi itoe, usiuze nayo, hata mnunuzi akibembeleza. Picha za mkeo na binti zako zimo humo. Asiyejua namna ya kufanya aje madrasa baada ya Alasiri, vijana watamwelekeza bure. Akina mama wataelekezwa na ustadhati, upande wao.

Wabillahi tawfiq. Futari njema.