Urefu wa Plastiki

Kibarani, kando ya mkondo wa Makupa, palikuwa na kijana wa redio ya ridhaa, mwenye leseni na alama ya mwito ianzayo na 5Z4. Alitundika antena ya waya ya megahezi 14.1, akataka kebo ya kuiunganisha na redio iwe nusu wimbi kamili. Hapo aliwaza vyema: kebo ya nusu wimbi humwonyesha aliye chini hali ileile iliyoko juu kwenye antena.

Akapiga hesabu. Hewani nusu wimbi ni 150 kugawanywa kwa megahezi, yaani mita 10.64. Ndani ya kebo wimbi hupunguza mwendo, na jedwali lilisema asilimia 66. Akazidisha, akapata mita 7.02, akakata kwa tepu. Jedwali lile lilikuwa la kebo yenye plastiki ngumu katikati. Yake ilikuwa ya povu. Ubaya ni kwamba vijana wetu hupewa jedwali kabla hawajashikishwa kipimo.

Kipima-antena kikamwambia waya ni mrefu. Akaupunguza. Bado mrefu. Akakata tena na tena, huku mita ya redio ikionyesha mawimbi yanayorudi yanazidi. Dalili hiyo ilitosha kumsimamisha, kwani antena inayokaribia kukaa sawa hairudishi zaidi. Yeye akashikilia koleo.

Mzee mmoja wa fani alipofika, hata juu hakutazama.

"Mwanangu, kebo umeipima?"

"Nimeipima, mzee. Mita saba na sentimita mbili."

"Huo ni urefu wa plastiki. Wa umeme je?"

Wakaishusha. Mwisho mmoja wakaugusanisha waya wa kati na wavu wa shaba, mwisho wa pili wakautia kwenye kipimo, wakapandisha megahezi taratibu. Omu zilipaa sana karibu na 8.85, kisha zikaporomoka karibu na sifuri kwenye 17.7. Basi nusu wimbi ya kebo ile ilikuwa huko, mbali na 14.1. Zidisha 7.02 kwa 17.7, gawanya kwa 150: mwendo ni asilimia 83. Ilihitajika kebo ya mita 8.8 hivi. Upungufu huo ndio uliokifanya kipimo kilalamikie urefu hata waya ulipokwisha kuwa mfupi.

Kebo mpya ilikatwa ikiwa na ziada, ikapunguzwa kidogo kidogo mpaka omu ziliposhuka kwenye 14.1 penyewe. Antena nayo ikaungwa kwa vipande vilivyookotwa chini, kila kiungo kikatiwa risasi na kufunikwa vizuri, maana chumvi ya pwani huila shaba.