Deni Lililobatizwa Motivasyo

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Basoko alirudi kutoka semina akiwa na hasira. Mkufunzi alichora piramidi ubaoni, chakula chini, utimilifu wa nafsi kileleni, kisha akasema walimu wa huku wamekwama chini: hawana motivasyo.

Nadharia yenyewe anaijua. Mwanasaikolojia Abraham Maslow aliitoa mwaka 1943: mwili kwanza, halafu usalama, upendo, heshima, na mwisho mtu kuwa kile anachoweza kuwa. Wala habishi kwamba mwenye njaa hufundisha kwa shida.

Linalomchoma ni dhana kwamba kazi ikilegea, kasoro imo ndani ya mfanyakazi. Nchini Kongo, motivasyo ni jina la fedha. Serikali iliposhindwa kulipa katika miaka ya 1990, wazazi walichanga ili walimu wasiache kazi, na mchango huo ukaitwa hivyo. Mshahara ni deni. Ukiitwa motivasyo, unageuka dawa ya kumwamsha mvivu, na anayedaiwa anatoweka kwenye mazungumzo. Mwaka 2019 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure, lakini walimu wengi walikuwa bado nje ya orodha ya malipo. Waliendelea kushika chaki. Kwa piramidi ya mkufunzi, watu hao hawawezekani! Maslow mwenyewe alikiri katika makala yake kwamba mpangilio huo una watu wasioufuata, na piramidi hakuichora humo. Iliongezwa baadaye na wengine.

Akifika hapo, mwalimu huvuka Mto Kongo kwa mawazo hadi Lokutu, iliyoitwa Elisabetha enzi za Wabelgiji. Huko nako wafanyakazi waliwahi kuitwa wavivu. Mwaka 1911 mhandisi Frederick Taylor alichapisha kitabu chake cha kupima kazi, akiamini vibarua hutegea kazi kwa makusudi. Mwaka huohuo mfanyabiashara wa sabuni William Lever alipewa na Ubelgiji haki ya mawese katika baadhi ya maeneo ya Kongo, likiwemo la Elisabetha. Kodi ya fedha taslimu iliwasukuma wanaume kwenye michikichi, na aliyekataa kukwea akaitwa mvivu.

Wapo watakaomkumbusha kwamba mwanasaikolojia Edward Deci alionyesha mwaka 1971, kwa majaribio na wanafunzi, kwamba malipo yanaweza kupunguza hamu ya kazi. Mwalimu anajibu kwamba wanafunzi wale hawakuwa wakidai mishahara.

Lakini Jumatatu aliingia darasani kwa nini? Akisema kwa mapenzi, anayedaiwa atapata sababu ya kutolipa. Akisema kwa fedha, mkufunzi atarudi na piramidi. Hadi sasa hajachagua neno.