Nani Ampimaye Mpimaji?

Ni desturi yetu kumsifu fundi ajengaye vizuri na kumlaumu ajengaye vibaya. Walakini kati ya fundi na jengo husimama mtu wa tatu, yule aliyewekwa kuikagua kazi. Je, yeye tumpime kwa kipimo gani? Nalileta swali hili kwa sababu nimewahi kuwa mtu huyo, nami nalipimwa nikaonekana mwema, hali sikuwa mwema.

Tulipojenga darasa jipya kijijini, wazee walinipa daftari niandike hesabu ya matofali. Kila jioni naliandika: yamepokewa kadha wa kadha, mabovu hakuna. Wazee waliposoma walifurahi, wakasema, "Mwalimu anaangalia vema." Kumbe mimi naliyatazama ya juu tu, yaliyoiva katika tanuri. Ya chini yalikuwa mabichi, nayo yaliwekwa ukutani nilipokwisha kwenda zangu. Hesabu yangu ilikuwa sawa, lakini ukuta haukuwa sawa. Mvua za kwanza zilipopiga, naliona tofali moja limemumunyuka kama mkate ndani ya chai.

Jambo kama hili liliwapata hata mabingwa. Katika Marekani liko daraja la Brooklyn, lililofunguliwa tarehe 24 Mei 1883. Limetundikwa kwa kamba nne kubwa, na kila kamba imefanyizwa kwa nyuzi za chuma zaidi ya 5,000. Mwuzaji wa nyuzi hizo alikuwa J. Lloyd Haigh. Wakaguzi walizijaribu nyuzi kiwandani kwake, na zilizo njema wakazipa hati. Lakini njiani kwenda darajani, zile njema zilishushwa, zikapakiwa zilizokataliwa. Kisha zile njema zikarudishwa kiwandani zikaguliwe tena. Hila hiyo ilivumbuliwa mwezi wa Julai 1878, nazo nyuzi nyingi mbovu zilikuwa zimekwisha kuingia katika kamba, wala haikuwezekana kuzitoa.

Basi fikirini. Kama wakaguzi wale wangalipimwa kwa wingi wa nyuzi walizozijaribu, wangalipata sifa kubwa. Kumbe walikuwa kama mtu ahesabuye mbuzi mlangoni pa zizi, asijue kwamba mbuzi yule yule azunguka nyuma, akatoka, akaingia tena. Yakini, wingi wa kazi ya mkaguzi si kipimo cha wema wa kazi yake.

Pengine mtu atasema, "Na tuhesabu makosa aliyoyaona." Hapo pia pana mtego. Ukimsifu kwa uchache wa makosa, umemfundisha kunyamaza. Ukimsifu kwa wingi wake, umemfundisha kuokota vijiti na kuliacha gogo.

Ubaya wa kunyamaza ulionekana katika nchi ya Uskoti, penye daraja la reli juu ya mto Tay. Mwezi wa Oktoba 1878 mtunzaji wa daraja alisikia vyuma vikigongana, akaona viungo vimelegea. Akapigilia vipande vya chuma penye nafasi, wala hakumpa mhandisi habari. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879, katika dhoruba, daraja likaanguka pamoja na gari la moshi lililokuwa likipita, na watu wengi wakafa. Hakupona hata mmoja. Hatusemi kwamba daraja lilianguka kwa ajili ya mtu huyo peke yake, kwani baraza lililochunguza habari hiyo liliona makosa katika mpango wa daraja, na katika kulijenga, na katika kulitunza. Tena mtunzaji yule elimu yake ilikuwa ya matofali, naye aliwekwa alinde chuma. Basi lawama yake inawagusa na wale waliomweka.

Kipimo cha haki ni kipi basi? Mimi naona ni maswali matatu. La kwanza: aliyoyaandika daftarini, je, ndiyo yaliyomo ukutani? Na aende mtu mwingine, siku isiyotazamiwa, achimbue kidogo aone. La pili: tangu kosa kuonekana hata kufika masikioni mwa mwenye amri, zimepita siku ngapi? La tatu: mkaguzi akisema ukweli, hupata nini? Akipata matusi na kufukuzwa, msishangae kwamba daftari lake halina makosa.

Na zaidi ya hayo, tujifunze kwa Washington Roebling, mhandisi wa daraja la Brooklyn. Alikuwa amezipanga kamba zichukue mzigo mara sita kuliko uliotazamiwa. Hila ilipojulikana, aliona kwamba nguvu iliyobaki ingali yatosha, hata hivyo akamlazimisha mwuzaji aongeze nyuzi 150 katika kila kamba kwa gharama yake mwenyewe. Ajengaye kwa busara huweka akiba, kwa kuwa ajua ya kwamba wanadamu hukosa, na yeye ni mmoja wao.

Nami nalifanya nini? Siku tatu nalinyamaza. Nalijiambia kwamba tofali ni moja tu, na lipu ingelifunika. Siku ya nne nalimwona mtoto mdogo ameegemea ukuta ule akisoma, nikashindwa kula. Naliwaendea wazee na daftari langu mkononi, nikasema, "Wazee wangu, hesabu hii ni yangu, na kosa ni langu." Walikasirika, na haki yao. Ukuta ulibomolewa, na kazi ya miezi miwili ikarudiwa. Lakini mzee mmoja aliniambia, "Leo ndipo ulipoanza kukagua, mwalimu."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Nami nimeongeza moyoni: usipoutaja ufa, hakuna atakayeuziba.