Mshika Mbili

Wahenga walisema: Mshika mbili, moja humponyoka. Wazazi wengi hulitaja neno hili wamwonapo kijana wao, aliyesomeshwa sheria kwa gharama kubwa, akikesha kuandika hadithi na kutamani safari za ng'ambo. Je, wamkataze? Sisi twaona yafaa kulifikiri jambo hili kwa utulivu.

Na tumtazame Mtakatifu Thomas More, mwanasheria wa London, mume na baba wa watoto. Mwaka 1515 Mfalme Henry VIII alimtuma Flanders, pamoja na wajumbe wengine, kwa mazungumzo ya biashara. Mazungumzo yalipositishwa kwa muda, hakukaa bure: alianza kuandika kitabu chake Utopia, kilichopigwa chapa mwaka 1516. Hapo sheria, kalamu na safari zilisaidiana. Akiwa mbali na kwao aliiona nchi yake wazi zaidi. Na kwa kuwa alizijua sheria zake, aliweza kuuliza katika kitabu kile kwa nini wezi wanyongwe, hali wakulima wafukuzwa mashambani ili kondoo wapate malisho.

Lakini wakati wa kuandika aliupata wapi? Alimweleza rafiki yake Peter Gilles kwamba nyumbani mchana wote ulikwisha katika mashauri ya watu, na baada yake ilikuwa haki ya mke, watoto na watumishi. Ikambidi apunguze usingizi na chakula chake mwenyewe. Hiki ndicho kiini cha jambo. Mwanasheria atungaye riwaya huku kesi ya mjane yaahirishwa kwa kuwa hakujitayarisha, huyo aandika kwa wakati wa wizi. Vivyo hivyo azungukaye dunia na kuwaacha watoto wake kama yatima. Kipaji chatoka kwa Mungu, lakini saa ya mwenzako si yako.

Tena, asifuye haki kwa kalamu na kupokea rushwa mahakamani, maandishi yake yenyewe yatamhukumu. More alipanda hata akawa Chansela wa Uingereza mwaka 1529. Lakini alipotakiwa kuapa kinyume cha dhamiri yake alikataa, akafungwa, hata vitabu vyake akanyang'anywa, akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535. Cheo kilimponyoka, na kalamu pia, dhamiri haikumponyoka. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamweka kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa.

Basi, wazazi wapendwa, msimnyang'anye kijana kalamu yake, wala msimfungie njia. Muulizeni tu: wakati huo wautoa kwa nani? Akiweza kujibu bila kuinamisha uso, mpeni baraka zenu.