Nyimbo za Jirani

Pasaka ikikaribia, kwaya nyingi za parokia zetu zina kazi moja zisiyoikwepa: Haleluya ya Händel. Mwalimu huanza kuigawa sauti baada ya sauti tangu Kwaresima ikiwa mbichi. Besi wanakosea kuingia, soprano wanapaa kabla ya wakati, mazoezi yanarudiwa hadi usiku. Siku yenyewe waumini husimama mpaka noti ya mwisho, na watoto wameduwaa. Georg Friedrich Händel alibatizwa Mlutheri mjini Halle, akaishi na kuzikwa London miongoni mwa Waanglikana. Messiah, oratorio ulimotoka wimbo huo, aliitunga mwaka 1741, ikasikika mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, katika ukumbi wa muziki. Sijaona muumini akimfuata paroko sakristia kumlalamikia kwamba Ufufuko umeshangiliwa kwa wimbo wa Mprotestanti.

Lakini mama mmoja akifungulia wimbo wa Injili wa Rose Muhando wakati wanawake Wakatoliki wa WAWATA wanapika kwa ajili ya sherehe ya Kipaimara, hapo hapo atatokea mtu wa kuuliza kama nyimbo zetu zimekwisha.

Anayeuliza hivyo huchekwa upesi. Mimi sipendi kumcheka. Nadhani miaka humsamehe mtunzi. Händel amekufa tangu 1759, hagombanii waumini na mtu yeyote. Mwimbaji aliye hai ana kanisa lake na mchungaji wake na mkutano wake uwanjani, na kijana anayeupenda wimbo wake leo anaweza kesho kuufuata hadi unakotoka. Mzee wa jumuiya anahofia mtoto wake. Muziki ndio njia aliyopata ya kuisemea hofu hiyo. Tumewaona walioondoka. Ni wachache sana waliohama kwa kusoma hoja za Luther juu ya kuhesabiwa haki. Wengi waliimba mahali fulani, wakalia, wakagundua kwamba hawakumbuki ni lini walilia kwetu.

Anayetaka kuliona jambo hili likiishi na watu, apande Kilimanjaro. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misioni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha wakaenda Kibosho. Walutheri wa Misioni ya Leipzig walianza Machame mwaka 1893. Tangu hapo dhehebu la mtu mlimani lilitegemea sana upande aliozaliwa. Babu hakukaa chini akalinganisha Katekisimu ya Kanisa na Maungamo ya Augsburg. Alikwenda shule iliyokuwa karibu. Kisha wajukuu wakaoana. Zipo nyumba ambamo Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa KKKT, na Misale ya Waumini vimelala katika kabati moja, na bibi anazijua kurasa za vyote viwili. Jioni baba Mlutheri anaanzisha wimbo na wote wanaitikia. Ikifika zamu ya mama, anaingia kwenye Salamu Maria, na baba ananyamaza. Hajakasirika wala hajaondoka. Ameinamisha kichwa anangoja amalize.

Nimeufikiria sana unyamavu wa namna hiyo, kuliko nilivyofikiria mabishano yote niliyosikia juu ya madhehebu.

Zamani Kanisa lilikuwa na jibu fupi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 1399, ilikataza vitabu vya wasio Wakatoliki vinavyofundisha mambo ya dini, isipokuwa iwe dhahiri kwamba hamna ndani yake kitu kinachopingana na imani. Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, iliyoanza karne ya 16, iliendelea hadi mwaka 1966, ilipoondolewa nguvu ya kisheria chini ya Papa Paulo VI. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 21 Novemba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umetoa hati juu ya umoja wa Wakristo, Unitatis Redintegratio. Ilikiri kwamba Neno la Mungu lililoandikwa, uzima wa neema, imani, matumaini na mapendo vinaweza kuwepo nje ya mipaka inayoonekana ya Kanisa Katoliki, na kwamba vyote hivyo chanzo chake ni Kristo. Haikusema tofauti zimekwisha. Iliwataka Wakatoliki wayatambue na kuyathamini mema ya Kikristo yaliyo kwa ndugu zao.

Ruhusa, basi, tunayo. Wapi pa kuimba nini, hilo bado tumeachiwa tulifikirie.

Ndani ya Misa wimbo haujitegemei. Unakuwa sala ya Kanisa zima, na anayeimba anasema Amina kwa kila neno hata asipolipima. Hati ya Mtaguso juu ya liturujia, ya mwaka 1963, inadai maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho Katoliki, yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na vyanzo vya liturujia. Haikumdai mtunzi cheti cha ubatizo. Ndiyo maana Haleluya inapita bila kuulizwa: maneno yake yametoka katika Ufunuo wa Yohane. Na ndiyo maana wimbo wa Komunyo wa Mkatoliki mwenye kadi ya zaka isiyo na deni unaweza kukwama, kama unaimba Ekaristi kana kwamba ni mkate wa ukumbusho tu. Mwaka 2020 kamati ya mafundisho ya maaskofu wa Marekani ilitoa mwongozo wa kupima maneno ya nyimbo za kanisani, na miongoni mwa zile ilizozikosoa zilikuwemo za watunzi Wakatoliki, zilizokwisha kuimbwa parokiani miaka na miaka. Kumbe kilichokuwa kikipimwa ni sentensi, na sentensi mbovu inaweza kuzaliwa hata nyumba ya mapadre.

Uongo ukisemwa wazi, ni rahisi kuukamata. Mahubiri ya utajiri yaliyovishwa ngoma na kinanda, kwa mfano, hayahitaji Mkatoliki kuyagundua. Wachungaji wa Kilutheri wenyewe wanayalalamikia, kwa hiyo siyakalii. Kinachonikosesha raha ni yale ambayo wimbo mzuri hauyasemi.

Chukua msiba. Ni nadra kukesha msibani usisikie Tenzi za Rohoni, nyimbo za jirani zetu Waprotestanti. Mwamba Wenye Imara ni wimbo wa Augustus Toplady, kasisi Mwanglikana, uliochapishwa Uingereza mwaka 1776. Bwana u Sehemu Yangu unatokana na shairi la Fanny Crosby, Mmethodisti wa Marekani aliyekuwa kipofu tangu utoto, aliyetunga tenzi kwa maelfu. Wakatoliki tunaziimba bila kitabu, saa nane za usiku, turubai likidondosha umande, na sijapata kuona neno la uongo ndani yake. Mfiwa anapewa pa kuegemea. Anakumbushwa kwamba Kristo ni kimbilio na ya kwamba hayuko peke yake. Mwenye kuubeza wimbo uliomvusha mjane hadi asubuhi ana moyo mgumu.

Lakini angalia nyimbo hizo zinamtazama nani. Zinamtazama anayeimba: safari yangu, dhambi zangu, kimbilio langu, saa yangu ya kufa. Marehemu yuko hapo katikati, jenezani, na wimbo haumtaji. Hakuna anayemwombea. Mtunzi hakusahau, maana ndivyo imani yao ilivyo: aliyelala yuko mikononi mwa Mungu, na ombi letu halina la kumwongezea. Nauheshimu msimamo huo, una utulivu wake. Ila kwetu mazishi yana kazi. Tunamsindikiza mtu wetu. Tunamtaja kwa jina, tunawaita malaika na watakatifu wampokee, tunamwombea asamehewe alichokosa na atakaswe alichobakiza. Mwezi wa Novemba tunarudi makaburini kufyeka majani, na kabla ya hapo tumekwisha andika jina lake kwenye bahasha ya nia za Misa.

Mtu anaweza kuimba Tenzi miaka 40 pasipo kutamka uzushi hata mmoja, na mwisho wa miaka hiyo akajikuta hamwombei mama yake. Hakuna aliyemkataza, wala aliyemfundisha kwamba toharani haipo. Kila mara wimbo ulimpitisha kando ya mama yake kwa upole, akaendelea na safari, hata akazoea. Vivyo hivyo kwa Bikira Maria, kwa Kitubio, kwa kukaa mbele ya Ekaristi. Kinachokosekana masikioni kwa muda mrefu hatimaye hukosekana magotini.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka Tenzi zinyamazishwe msibani. Ni ukatili, tena hautafanikiwa. Ningetaka Rozari isirukwe. Wimbo wa jirani uimbwe mpaka mwisho, halafu mama wa jumuiya aanze Matendo ya Uchungu na litania, amtaje marehemu kwa jina lake la ubatizo, na majirani Walutheri wangoje kama baba yule anavyongoja. Nao tukienda kwao tungoje hivyo hivyo. Kuacha kumwombea maiti wetu kwa sababu ya kuwaonea wageni haya si adabu.

Haki inanidai niugeuze upande wa pili, maana na sisi tulikuwa na unyamavu wetu. Miaka mingi Mkatoliki aliyeonekana na Biblia kwapani siku isiyo Jumapili alishukiwa ameanza kuelekea kwa walokole. Kazi kubwa ya kulitia Neno katika Kiswahili ilianzwa na wengine: Ludwig Krapf, Mlutheri wa Ujerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Waanglikana, akafika Mombasa mwaka 1844, na baadaye Askofu Edward Steere huko Zanzibar. Biblia Habari Njema ninayoiona katika jumuiya zetu ni kazi ya Wakatoliki na Waprotestanti waliokaa meza moja, na ipo yenye vitabu vya Deuterokanoni. Katekista anaposema tufungue Isaya, kikao hicho kizima kina deni kwa watu ambao babu zetu waliambiwa wasivisome vitabu vyao.

Na vikundi vya Karismatiki vinavyojaza kumbi za parokia? Mwezi Februari 1967 wanafunzi na walimu wachache wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh, walijiandaa kwa mafungo kwa kusoma sura nne za mwanzo za Matendo ya Mitume pamoja na The Cross and the Switchblade, kitabu cha David Wilkerson, mchungaji Mpentekoste, juu ya vijana wa magenge ya New York. Kutoka mafungo hayo ikakua Karismatiki Katoliki. Kinachonifurahisha ni kwamba chuo hicho ni cha shirika la Roho Mtakatifu, wale wale wa Kilema. Mapadre waliobishana na Waprotestanti juu ya mipaka ya shule za mlimani, nyumba yao ya Marekani ikapokea moto kupitia kitabu cha mchungaji.

Kitabu kinachonisumbua mimi kwa faida ni cha Dietrich Bonhoeffer, juu ya kumfuata Kristo, kilichotoka Ujerumani mwaka 1937. Mlutheri huyo aliwakemea Walutheri wenzake kwa kuifanya neema kitu cha bure kisichomdai mtu toba wala msalaba. Nakisoma kabla ya kwenda kitubioni, na aibu inanishika, kwa sababu nami naweza kukigeuza kitubio utaratibu wa kufuta orodha. Sijui padre gani angenigusa hapo kwa ukali ule. Baadaye, majira ya baridi ya 1940 kuingia 1941, Bonhoeffer alikuwa mgeni wa wamonaki Wabenediktini wa Ettal, Bavaria, akiandika kitabu chake cha maadili chini ya paa lao. Alinyongwa na Wanazi huko Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945.

Alikula nao mkate wa mezani. Katika Ekaristi hawakushiriki, na nyumba zile za Kilimanjaro bado hazishiriki. Jumapili mume na mke wanafuatana hadi njia panda, wanaagana, kila mmoja anakwenda kwake, na usiku uliopita waliimba pamoja. Kuimba pamoja hakujaliondoa jeraha hilo. Pengine kunalifanya liume zaidi, na ni heri liume kuliko tuzoee, tukaanza kuamini kwamba njia panda ni mpango wa Mungu.

Kwa sasa kuna dogo ninaloweza kufanya. Kanuni ya 901 ya Sheria ya Kanisa ya sasa inamruhusu padre kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au marehemu. Kwa hiyo katika bahasha yangu ya Novemba, chini ya wazazi na shangazi, naandika na Augustus Toplady, Fanny Crosby, Dietrich Bonhoeffer. Maandishi yao wenyewe hayakuniomba niwaombee. Katibu wa parokia aliyepokea bahasha alisoma orodha kwa kidole, akafika kwa Toplady, akaniuliza huyu marehemu alikuwa jumuiya gani. Nikamwambia ni jirani, na sadaka yake imo humo humo.