Biti Nane, Namba Mbili

Rejista ya al ina biti nane, zote moja: 11111111. Hiyo ni namba gani? Ukiisoma bila alama ni 255. Ukiisoma kwa alama ni −1. Biti zenyewe hazisemi kama ni akiba au ni deni.

Ilinganishe na 1 kwa amri ya cmp. Prosesa ya x86 hupiga hesabu ya kutoa, hulitupa jibu, na kubakiza bendera chache tu, yaani biti zinazoeleza jibu lilivyokuwa. Ukifuatisha ja, inayosoma bila alama, programu itaruka, kwa kuwa 255 inaizidi 1. Ukifuatisha jg, inayosoma kwa alama, haitaruka, kwa kuwa −1 haiizidi 1. Bendera ni zilezile, na majibu yote mawili ni kweli.

Inayonigusa zaidi ni bendera ya kufurika. Tuseme unalinganisha 100 na −100 kwa biti nane. Tofauti yao ni 200, lakini namba zenye alama za biti nane huishia 127, kwa hiyo jibu hutokea na sura ya −56. Anayetazama alama ya jibu peke yake atadhani 100 ndiyo ndogo. Pembeni, bendera ya kufurika imesimama: prosesa inakiri kwamba alama hiyo isiaminiwe. Ndiyo maana jg huisoma bendera ya alama pamoja na hiyo ya kufurika. Ushahidi wote umewekwa mezani. Kazi ya mwandishi wa programu ni kusema anauliza nini.

Mimi kuna usiku sikusema. Programu yangu ilipokea ujumbe pamoja na urefu wake, kama mtumaji alivyoutaja, na nafasi niliyoitenga kwenye kumbukumbu ilikuwa baiti 64. Urefu huo ukiwa kwenye rejista ya ecx, nikaandika cmp ecx, 64, kisha jg ya kukataa kinachozidi. Nikaona mlango nimeufunga. Ukaja urefu wa biti 32, zote moja. Kwa jg hiyo ni −1, nayo haizidi 64, ikapita. Mistari mitatu mbele, amri ya kunakili, rep movsb, ikaisoma ecx ileile bila alama, ikaanza kunakili baiti 4,294,967,295. Programu ikaanguka.

Nilikuwa kama mwenye duka anayepokea mchele kwa pishi na kuutoa kwa kibaba, huku daftarini kote anaandika “moja”. Kilichoniuma ni kwamba nilijua. Urefu hauwi hasi. Hata mtoto anayepima kamba analijua hilo. Nililibeba kichwani, nikaliona wazi mno kiasi cha kutoliandika, na prosesa haisomi vichwa vya watu.

Nilibadilisha herufi moja, jg ikawa ja, nikautuma tena ujumbe uleule. Ulikataliwa.