Kivuli Kifuani na Marafiki wa Ayubu

Tuseme mtoto wa Isebania amemaliza dawa za saratani Kisumu, amerudi nyumbani, nywele zimeanza kuota, na mama yake ameshatoa ushuhuda kanisani. Miezi michache baadaye, kipimo cha CT kinaonyesha kivuli kifuani. Je, ushuhuda ule ulikuwa wa uongo?

Swali hili si geni kanda ya ziwa. Saratani ya Burkitt huwapata watoto wa huku, ikihusishwa na malaria na virusi vya Epstein-Barr. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago nchini Uganda na Mkristo wa dhati, aliandika kuhusu uvimbe wa mataya yao mwaka 1958. Dawa huuyeyusha uvimbe huo upesi, ila mwili haubaki ulivyokuwa.

Nyuma ya mfupa wa kifua ipo tezi ya thaimasi. Dawa huisinyaza, zikisimamishwa tezi huota tena, pengine ikazidi ukubwa wake wa awali. Kwa watoto wadogo ncha yake huchomoza kama tanga. Kipimo cha PET nacho hufuata sukari inakotumika, na tezi inayojijenga upya huitumia kwa wingi, kwa hiyo inang'aa. Tumboni huweza kubaki donge ambalo ni kovu tu. Mtaalamu hukagua: kingo ni laini? Mishipa imesukumwa? Asiporidhika husema, “Tupige tena baada ya wiki kadhaa.”

Jibu hilo huwaudhi wengi. Jirani mmoja atasema imani ilipungua, mwingine kwamba daktari hajui kazi. Marafiki wa Ayubu walifanya vivyo hivyo. Siku saba walikaa naye kimya, na hapo walikuwa wema. Walipoanza kufasiri majipu yake kuwa ushahidi wa dhambi ndipo walipokosea, na Mungu akawakemea. Anayedai picha safi ndipo ashukuru ameipa mashine kiti kisicho chake. Mama alishukuru kwa uvimbe ulioyeyuka, na uliyeyuka kweli.

Hata hivyo, kungoja si kupuuza (wapo wanaoficha uzembe nyuma ya maombi). Burkitt ikirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Basi mzazi ashike tarehe aliyopewa, na abebe picha zote za zamani, kwa kuwa bila ya jana kulinganisha, hata bingwa atakuwa anakisia.